Mercy Ships na meli zao za hospitali: tathmini yangu baada ya kuwafuatilia kwa muda mrefu

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Leo nataka niongelee huduma moja ambayo nimeifuatilia kwa miaka sasa, Mercy Ships, hawa wenye meli za hospitali, maana kila nikiitaja kwenye magrupu yetu watu wanauliza maswali yaleyale, ni kweli ni bure? wanabagua dini? wakishaondoka wagonjwa wanabaki na nani? na hela yote hiyo ya kuendesha meli si bora wangejenga hospitali nchi kavu? Nitajibu kadri ninavyoelewa, ila mjue kabisa mimi sijawahi kufanya kazi ndani ya meli hizo, mimi ni mtu wa idara ya huduma kanisani, kazi zetu ni kutembelea wagonjwa wodini, kuwaogesha wazee wasio na mtu, kuhangaikia nauli ya mama mwenye rufaa mkononi na hana namna ya kufika. Kwa hiyo naiangalia huduma hii kwa jicho la mtu anayejua kumhudumia mhitaji kuna nini ndani yake, sio kwa jicho la daktari.

Kwa asiyewajua, ilianza mwaka 1978, waanzilishi ni mume na mke kutoka Marekani, Don Stephens na mkewe Deyon ambaye ni nesi. Walinunua meli kuukuu ya abiria ya Italia iliyoitwa Victoria, wakaibadilisha jina ikawa Anastasis, na msidhani waliinunua leo kesho wakawa wanatibu watu, hapana, ilikaa Ugiriki miaka kadhaa ikikarabatiwa na watu wa kujitolea, hela zinakatika, watu wanafunga na kuomba, mpaka 1982 ndo ikang'oa nanga. Hiyo Anastasis ilistaafu 2007 na mwaka huohuo ikaingia Africa Mercy, ambayo zamani ilikuwa kivuko cha kubebea mabehewa ya treni huko Denmark. Ya pili kati ya zinazofanya kazi sasa ndo hii kubwa, Global Mercy, imejengwa China kwa kazi hii hii tangu mwanzo, ikakabidhiwa 2021, urefu wake mita 174, ina deki 12, vyumba 6 vya upasuaji na vitanda 199 vya wagonjwa. Meli inafunga gati kwenye bandari moja inakaa kama miezi 10 hivi, inatibu, kisha inaondoka kwenda matengenezo na safari nyingine. Africa Mercy imeshakaa Monrovia, Cotonou, Douala, Conakry, Dakar, na Toamasina kule Madagascar, Global Mercy nayo ikaanza Dakar ikaenda Freetown.

Sasa wanatibu nini. Hapa ndo watu wengi wanakosea, wanadhani ni hospitali ya kila kitu. Hawapokei dharura, hawapokei malaria wala ajali ya pikipiki. Wanafanya upasuaji wa kupanga, yaani matatizo ambayo mtu anaishi nayo miaka na miaka kwa sababu hakuna daktari wa upasuaji karibu au yupo lakini gharama haishikiki. Mdomo sungura, mtoto wa jicho, matege na miguu ya watoto iliyopinda, henia, goita, makovu ya moto yaliyokunja mkono hadi haukunjuki, fistula ya uzazi (tundu linalomfanya mama avuje mkojo baada ya uzazi mgumu), na uvimbe wa uso na taya. Mwaka 2015 jopo la wataalamu lililoitishwa na jarida la kitabibu la Lancet lilitoa hesabu kwamba watu bilioni 5 duniani hawana njia ya kupata upasuaji salama wanaoweza kuumudu. Bilioni 5 jamani. Sisi kanisani tukisema wagonjwa huwa tunawaza dawa, maombi na matunda ya kumpelekea mtu, upasuaji unabaki kuwa mambo ya matajiri, wakati mtoto aliyezaliwa na mdomo sungura hahitaji kitu kingine zaidi ya mtu anayejua kushona pale, asiponyonya vizuri anadhoofika, akikua anachekwa shuleni, na tatizo lenyewe linaisha kwa upasuaji usiochukua hata nusu siku.

Kuhusu bure, ni bure kweli. Mgonjwa halipi upasuaji, halipi kitanda, halipi dawa. Na mtu yeyote akikwambia utoe kitu kidogo ili jina lako liingie kwenye orodha ya wagonjwa huyo ni tapeli, mkimbie.

Lakini kilichonifanya niwapende sio hiyo bure peke yake. Bure zipo nyingi. Tuliwahi kumpata mgonjwa mmoja wodini, mzee wa watu, alipewa rufaa ya kutibiwa bila malipo kabisa kwenye hospitali nyingine ya mbali, karatasi ilikuwa chini ya mto imekunjwa mpaka imeanza kuchanika kwenye mikunjo, miezi imepita hajaenda. Matibabu bure, nauli nani analipa? Akifika analala wapi, anayemsindikiza atakula nini, na nani atabaki na mifugo nyumbani? Hakuna aliyemuuliza. Karatasi ilisema bure basi ikaonekana kazi imeisha. Mercy Ships wamelielewa hili jambo, zamani uchaguzi wa wagonjwa walikuwa wanafanyia mjini, umati wa maelfu unakusanyika sehemu moja, na wa mbali vijijini ndo wanaokosa, sasa timu zao zinaingia mikoani huko ndani, zinawapima watu hukohuko, aliyechaguliwa anaandaliwa usafiri wa kumfikisha bandarini, na kuna nyumba ya kulala nje ya meli kwa ajili ya wanaosubiri zamu na waliotoka wodini ila bado kidonda hakijaruhusu safari ndefu, mama anakaa na mwanae, anafungwa bandeji upya bila kulazimika kupanga chumba mjini asikojua mtu.

Ukisoma ule mfano wa Msamaria Mwema kwenye Luka 10 taratibu utaona Yesu hakusema tu yule mtu alimhurumia. Ametaja mafuta na divai, ametaja kufunga jeraha, ametaja mnyama wa kumbeba, nyumba ya wageni, dinari mbili za mwenye nyumba, halafu na ahadi kwamba gharama ikizidi nitalipa nikirudi. Usafiri, malazi, fedha na ufuatiliaji, vyote vimo. Mimi naona makanisa mengi tunaishia kwenye mafuta na divai, tukishapiga picha na mgonjwa tumeondoka.

Kitu kingine ambacho nikisikia huwa kinanigusa ni habari ya damu. Melini hakuna stoo kubwa ya damu kama hospitali za kawaida, wanategemea sana watu wenyewe wanaoishi humo. Ukiingia kama mhudumu wanakupima group lako, unaingia kwenye orodha, basi siku mgonjwa yuko mezani anahitaji damu wanamwita mwenye group lile, awe fundi wa injini, awe mpishi, awe mwalimu wa watoto wa wafanyakazi, anashuka anatoa, ile chupa inaenda ikiwa bado ya moto thieta. Fikiria fundi ametoka kule chini kwenye injini na ovaroli yake, amenawa mikono mpaka kwenye viwiko, amelala kwenye kiti cha kutolea damu, na deki hiyohiyo kuna dada anashonwa fistula. Hajui jina lake na pengine hawatakutana kabisa. Anamaliza, anakunywa juisi, anarudi kazini kwake. Tunaimba sana habari za damu ya Yesu jamani, na ni sawa tuimbe, ila ni wangapi kati yetu tumewahi kwenda kuchangia damu hospitali bila kuwa na ndugu yetu aliyelazwa?

Niongee kidogo kuhusu fistula maana ndo eneo ambalo nimeona kwa macho yangu mateso yake wodini, na watu wengi hasa wanaume hawaelewi. Mama anakaa na uchungu siku mbili tatu bila msaada, kichwa cha mtoto kinakandamiza kibofu kwenye mfupa wa nyonga mpaka ile nyama inakosa damu inakufa, linabaki tundu. Mara nyingi mtoto anafariki. Halafu mama anaanza kuvuja mkojo mchana na usiku, wengine na haja kubwa. Mume anahama chumba halafu anahama nyumba kabisa, kwenye ibada anakaa nyuma mlangoni au haji, anafua vitambaa kila saa na bado anajisikia ananuka. Upasuaji wa kuziba lile tundu upo, ila ukishafanyika kazi ya wauguzi ndo inaanza, anawekewa mpira wa mkojo wiki mbili hivi, na ule mpira haupaswi kuziba hata kidogo maana kibofu kikijaa nyuzi zinaweza kuachia kazi yote ikaharibika. Kwa hiyo nesi anapita anaangalia, mpira umekunjika? umelaliwa? mkojo unatiririka au umesimama? rangi yake ikoje? kunywa maji mama, kunywa tena, bado kikombe kimoja. Usiku kucha. Hakuna wa kumpigia makofi saa tisa usiku kwa kukagua mpira wa mkojo, lakini mimi nikiulizwa upendo wa Kikristo unafananaje nitamtaja yule nesi kwanza kabla sijamtaja mhubiri yeyote.

Na wakipona wanafanyiwa sherehe, wanapewa gauni jipya, wanaimba, anayetaka kusema neno anasema. Kuna mtu aliwahi kuniambia hilo la gauni ni mapambo tu. Nilimkatalia na namkatalia mpaka leo. Mwanamke ambaye nguo zake zote zimeoza kwa mkojo kwa miaka anahitaji gauni kavu la kurudi nalo nyumbani kama anavyohitaji ule mshono.

Upande wa uvimbe wa uso nao ni mzito. Kuna uvimbe wa taya ambao sio kansa, unaanza kidogo kama jipu la jino, na sehemu yenye daktari wa meno unatolewa ukiwa mdogo mambo yanaisha, lakini asiye na daktari unaendelea kukua miaka kumi na zaidi mpaka unajaza mdomo, unasukuma ulimi, mtu hali vizuri, hatimaye hapumui vizuri. Anafunika uso kwa kitambaa. Anatembea usiku ili asikutane na watu. Yupo daktari mmoja wa upasuaji wa taya na uso, Gary Parker, alijiunga nao miaka ya 1980 akidhani anakaa muda mfupi, akabaki zaidi ya miaka 30, akaoa hukohuko melini na kulea watoto humo. Baada ya upasuaji wa namna hiyo mgonjwa hatafuni, analishwa kwa mpira unaopita puani, na mliowahi kumlisha mtu hivyo mnajua, unashika sirinji unaiacha chakula kishuke chenyewe polepole, ukisukuma kwa haraka atatapika, kwa hiyo unabaki umesimama mbele ya uso wake dakika zote hizo na huna pa kuangalia isipokuwa machoni. Mtu ambaye miaka hakuna aliyemtazama usoni. Hapo sijui hata niseme nini zaidi.

Swali la dini. Wagonjwa hawachaguliwi kwa dini na hakuna sharti la kusikiliza mahubiri ndo upasuliwe. Senegal na Guinea watu wengi ni Waislamu na meli zimekaa huko vizuri tu. Wao wenyewe hawafichi kwamba ni huduma ya Kikristo inayofuata mfano wa Yesu, wanaomba, wana ibada zao, ila mkono wa msaada hauna ndoano ndani. Hili nalisisitiza kwa sababu nimeshaona huduma, siitaji ya nani, watu wamepangwa foleni juani na njaa zao wanahubiriwa masaa mawili kwanza ndo wagawiwe kilichokuja kugawiwa. Yesu aliwalisha watu kwa sababu walikuwa na njaa. Wenye ukoma 10 aliwaponya wote na akarudi mmoja tu kushukuru, na wale 9 hakuwarudishia ukoma wao.

Sasa nije kwenye yasiyonipendeza au niseme yanayonipa maswali, maana tathmini ya kusifia tu haimsaidii mtu.

La kwanza ni wale wanaokataliwa. Hili ni gumu kuliko yote. Wanaokuja kuchujwa ni wengi kuliko nafasi, na wengine ugonjwa wao sio wa upasuaji au umeshafika mbali, kansa imeshasambaa, au mtoto amezaliwa na tatizo la ubongo ambalo hakuna kisu kinalirekebisha. Mama ametembea siku mbili, amepanga mstari tangu alfajiri, anaambiwa hapana. Najua ni lazima, chumba cha upasuaji hakiongezeki kwa machozi, na kuna nchi walizofika ambako waliwahi kuwa na timu ya kuwatembelea majumbani wagonjwa wasioponyeka, kuwafunga vidonda na kufundisha familia namna ya kuwahudumia, na kwenye uchujaji wanaweka watu wa kukaa na aliyeambiwa hapana, kumsikiliza na kuomba naye akitaka. Hiyo naikubali sana. Ila natamani kungekuwa na nguvu kubwa zaidi upande huu, na hapa nawaangalia makanisa ya nchi husika kuliko nilivyowaangalia wao, kwa sababu mtu aliyeambiwa hapana anarudi kwenye mtaa wenye kanisa. Kumpasua hatuwezi ila kumbadilishia bandeji tunaweza, na kukaa naye jioni ili binti yake aliyemuuguza mwaka mzima apumzike masaa mawili nako tunaweza, haihitaji meli wala dola.

La pili ni meli kuondoka. Inakaa miezi 10 inang'oa nanga, na magonjwa hayang'oi nanga. Mtoto aliyenyooshwa miguu anahitaji mazoezi, anayewekewa hogo (plasta ngumu) kwa mguu kifundo, yaani mguu uliopinda kwa ndani tangu kuzaliwa, anahitaji kurudi kila wiki kubadilishiwa, halafu avae viatu maalumu vyenye fimbo katikati kwa miaka, nani anamfuatilia? Wenyewe wanajibu kwamba ndo maana wanafundisha, madaktari na manesi na wataalamu wa usingizi wa nchi husika wanafanya kazi bega kwa bega na wao, na wanaingia makubaliano na wizara kabla meli haijafika. Najua pia kwamba 2024 Africa Mercy imerudi tena Madagascar na Global Mercy imekaa Freetown zaidi ya msimu mmoja, hiyo ni dalili nzuri, kurudi palepale badala ya kurukaruka. Mimi nadhani mafunzo ndo yangepaswa kutangazwa kuliko picha za kabla na baada. Daktari mmoja wa nchini aliyejifunza kushona mdomo sungura vizuri atashona mpaka anastaafu, na hatategemea ratiba ya meli. Kingine, meli yenyewe inaweza kukatizwa wakati wowote, mwezi wa tatu 2020 corona ilipoingia Africa Mercy ililazimika kufunga kazi Dakar na kuondoka kabla ya muda wake, na 2014 safari ya Benin ilibadilishwa kwa sababu ya Ebola ikaenda Madagascar. Hakuna wa kulaumiwa hapo, ila mgonjwa aliyekuwa na tarehe yake mkononi alibaki na tarehe.

Kuhusu picha niseme tu kwamba sipendi sana. Najua bila picha wafadhili hawatoi, na najua wanaomba ruhusa kwa mgonjwa. Lakini mtu mwenye uvimbe unaomziba pumzi akiombwa ruhusa na watu anaotegemea wampasue, kweli ana nafasi ya kukataa? Sio kwao tu, ni kwetu sote, ukienda kituo cha watoto na mchele wako acha simu kwenye gari.

La tatu, na hili sijaona watu wakiliongelea vya kutosha, wanaojitolea wanajigharamia wenyewe. Nauli ya kufika kwenye meli, bima, yote unatafuta mwenyewe, kwa kawaida kwa kuchangiwa na kanisa na marafiki. Kwa upande mmoja ni kitu kizuri mno, daktari bingwa analipa ili afanye kazi, hela ya wafadhili inaenda kwa mgonjwa, na hata mpishi anayemenya viazi alfajiri naye amelipa ili amenye. Kwa upande mwingine nesi wa kwetu Afrika mwenye moyo uleule na uzoefu pengine mkubwa zaidi wa wodi zenye wagonjwa 60 na nesi mmoja, mshahara wake haumruhusu. Waafrika wapo melini, tena wapo wanaoshika nafasi za maana, ila wangekuwa wengi zaidi kama makanisa yetu yangelichukulia kama yanavyochukulia kutuma mwinjilisti. Tunachangia vipaza sauti, tunachangia sare za kwaya, tushindwe kumchangia nesi mmoja au fundi umeme mmoja akakae miezi sita? Naamini inawezekana kabisa.

Kitu ambacho nimekipenda hapo ni watu wa nchi mwenyeji wanaoajiriwa kwa kipindi meli ipo, hawa wanalipwa, na kubwa kuliko yote ni wakalimani. Mgonjwa anatoka ndani huko anaongea lugha yake ya kijijini, nesi katoka Uholanzi, Kifaransa chenyewe mgonjwa hakijui. Anayekaa katikati ni kijana wa palepale. Ndiye anayemwambia mama usiogope, watakuchoma sindano utalala, utaamka mimi nipo. Ndiye anayejua kwamba mama akinyamaza hajakubali, amekata tamaa. Mimi nikihesabu nani amemponya mgonjwa siwezi kumwacha huyo kijana nje, na mara nyingi hayumo kwenye picha yoyote.

Sasa lile swali la hela, kwa nini meli na sio hospitali. Nilikuwa nawaza hivyohivyo mpaka nilipofikiria nini kinafanya upasuaji ushindikane sehemu nyingi. Umeme unakatika katikati ya kazi. Maji hayatoki. Mashine ya usingizi imeharibika na spea haipo nchini. Oksijeni imeisha. Meli ina jenereta zake, inatengeneza maji yake, ina maabara na mashine ya kupiga picha za ndani ya mwili, ina fundi wa mashine anayelala deki ya juu yake, na inafika na kila kitu kikiwa kimeshafungwa tayari. Jengo jipya unaweza kulizindua kwa mbwembwe na baada ya miaka mitatu chumba cha upasuaji kimekuwa stoo ya magodoro, mifano tunaijua. Halafu miji mingi mikubwa iko pwani, meli inafika. Sisemi hospitali zisijengwe, zijengwe, tena serikali isijifiche nyuma ya meli ya watu wa kujitolea. Nachosema ni kwamba mtu mwenye uvimbe leo hawezi kusubiri mpaka nchi ikamilike, na kwa mtu huyo meli iliyopo gatini ni bora kuliko jengo lililopo kwenye mpango. Wenyewe wanahesabu zaidi ya upasuaji 100,000 tangu waanze. Ukigawa kwa bilioni 5 ni tone, ila hao 100,000 hawakuwa tone, kila mmoja alikuwa na mama yake.

Kwa ujumla nawapa nyota nne na nusu kati ya tano, hiyo nusu naishikilia kwa sababu ya ufuatiliaji baada ya meli kuondoka, siku nikiona wanaeleza wazi mgonjwa wa mwaka juzi yuko wapi na nani anamwangalia, naiachia.

Kwa anayetaka kujitolea, na hapa naongea na vijana maana mnaniuliza inbox kila siku, msidhani lazima uwe daktari. Manesi wanahitajika sana, hasa wenye uzoefu wa wodi ya upasuaji na watoto, lakini meli ni mji mdogo, kuna mabaharia, mainjinia, mafundi umeme na mabomba, wapishi, wafua nguo, wahasibu, watu wa kompyuta, madereva, walimu wa shule ya watoto wa wafanyakazi. Ingia kwenye tovuti yao rasmi, angalia nafasi zilizopo, soma muda wa chini wanaotaka kwa nafasi hiyo maana zingine ni wiki chache na zingine ni mwaka na zaidi, andaa vyeti vya taaluma, chanjo, barua ya mchungaji, na Kiingereza kiwe cha kuelewana kazini. Ongea na kanisa lako kuhusu gharama kabla hujajaza fomu sio baada ya kukubaliwa. Na ukiwa na Kifaransa kidogo taja, kwenye bandari nyingi wanazokaa kinasaidia sana. Mwenye swali lingine aulize hapahapa, kama nalijua nitajibu, na kama kuna mtu amewahi kuhudumu humo ndani kweli naomba sana aje aniongezee hasa hilo la ufuatiliaji wa wagonjwa.